Muguu Unaoshuka Mara Mbili

Kasumbalesa, tarehe 4 Septemba 2025

Kwa Adija binti Moussa, kwa jamaa yote ya Lubumbashi, na kwa ile iliyobakia Maniema,

Kwa masikitiko makubwa ninawatangazia kifo cha burashi yangu namba sita, kilichotokea jana Jumatano saa ine ya asubuhi, ndani ya kopo la petroli, baada ya ugonjwa murefu wa kupoteza nywele. Marehemu alitumika miaka kumi na moja. Aliandika majina ku milango ya malori yasiyohesabika, na "USINIFUATE KARIBU" ku migongo ya mengine mengi, ambayo yalifuatwa karibu hata hivyo. Anaacha mujane mumoja, burashi namba nane, ambaye ni munene na hawezi herufi ndogo. Maziko yamekwisha fanyika nyuma ya restora ya Benita. Hakuna matanga.

Sasa tuingie mu mambo madogo.

Clé yako ya USB imefika. Katongo, dereva wa basi, aliishusha pamoja na ile barua yako fupi, akanikabizi kwa vidole viwili, sawa mutu anabeba yai la jirani. Umeniandikia: "Baba mudogo, hii ni demo yangu. Dakika moja na nusu ya michoro yangu mizuri zaidi, ile inayotembea. Ndiyo kitu studio wanaangalia mbele ya kumupa kazi mutu aliyemaliza masomo. Angalia peke yako. Niambie ukweli. Usionyeshe mutu, na zaidi sana Baba."

Mama, (ninakuita hivyo kwa sababu unabeba jina la mama yetu, na kwa sababu unaamuru sawa yeye), nimetii. Shida ni moja: simu yangu haina tundu la clé, na mimi sina televisheni. Benita anayo, imepigiliwa ku ukuta wa restora yake juu ya mifuko ya unga. Nilimuomba afunge mulango. Alifunga. Alisahau tu kuwatoa kwanza madereva kumi na wane waliokuwa ndani, wenye kungoja karatasi zao za mupaka tangu siku tatu. Kwa hiyo sikuonyesha mutu. Waliona wenyewe.

Waliona ndege anayekunywa maji. Waliona chungu kinachofura hadi kifuniko kinacheza. Waliona yule mutoto anayeruka kamba. Kisha waliona muzee mwenye kofia na mufuko, anatoka upande huu wa televisheni, anatembea, anaishia upande ule. Kisha jina lako.

Chomba, Muzambia mumoja anayebeba chokaa, akauliza: "Sasa filimu inaanza saa ngapi?"

Nikasema ndiyo hiyo, imekwisha.

"Hapana, tonton. Ile ilikuwa tangazo. Shiye tunangoja filimu."

Benita akatoka jikoni na mwiko. "Chomba, mutoto ya bantu amechora kila kintu na mukono yake. Weye ata jina yako unaandikaka na kidole!"

Walicheka hadi sahani ikaanguka. Lakini Chomba hakuacha. "Miye sisemi ni mubaya. Nauliza tu: ule muzee anaenda wapi? Banatuonyesha muzee, iko na mufuko, anatembea, basi. Anaenda wapi?"

Na mwingine, toka nyuma: "Anaenda kuuza viatu. Ona vile anatembea. Ule muntu hayachokaka ata siku moja."

Walirudisha mara ine. Hawakuona ndege tena wala chungu. Walikuwa wanabishana juu ya muzee tu.

Ukweli wangu mimi ni huu. Kofia ni ya kaka Moussa. Mufuko wa vitambaa ni wake pia, hadi ile pini ya kufungia ambayo anakataa kubadilisha. Niliona baba yako wazi, nikataka kusimama kumusalimia. Lakini miguu, mama, sijui uliiazima kwa nani.

Baba mudogo wako,
Nasoro, fundi wa herufi

Nyongeza: wanangoja sehemu inayofuata. Nimesema iko njiani. Samahani.


Lubumbashi, tarehe 9 Septemba 2025

Baba mudogo,

Pole kwa musiba. Mu bahasha utakuta namba sita mupya. Usimufungishe ndoa na mujane haraka hivyo, watu watasema.

Kumi na wane! Nilisema mutu mumoja, na yule mumoja awe wewe. Nilipofika ku Chomba na filimu yake nilitupa barua chini. Kisha nikaiokota, kwa sababu jana Jumatatu nilikuwa nimeulizwa juu ya muzee yule yule, kwa Kifaransa.

Nilienda kwa Monsieur Lucien. Studio yake ni vyumba viwili juu ya duka la dawa, mashine tano, feni moja. Aliweka demo yangu huku anakunywa chai. Ku ndege alitikisa kichwa. Ku chungu alicheka. Ku muzee alisimamisha picha na kuweka kikombe chini.

"Hii ni sahihi," alisema.

Nikasema aksanti.

"Sikukusifu, mademoiselle. Nimesema ni sahihi. Matembezi haya ni ya kitabu. Kila mwanafunzi ananiletea haya haya, anabadilisha kofia tu. Mutu huyu, ulimuona wapi?"

Nilisikia aibu kujibu kwamba ninamuona kila asubuhi, ku chai.

Akaniambia hivi: "Niko na kiti kimoja. Tarehe 6 Oktoba nitamukalisha mutu. Vingine viache namna vilivyo. Unirudishie muzee."

Sasa usikie upande wa pili. Baba amezungumza na mutu mumoja wa Kinsevere. Ni kazi ya ofisi, mulangoni pa mugodi: kuandika majina ya wanaoingia asubuhi, na jioni kuandika majina ya wanaotoka. Ni majina yale yale. Wananingoja tarehe 15 Oktoba. Baba ameshanikatia suruali mbili za kazi, na unajua namna anavyokata mutu akiwa na furaha: kila mufuko una mufuko ndani yake. Basi nikikosa kiti cha Lucien tarehe 6, tarehe 15 niko mulangoni, na nikiingia pale najua sitatoka tena. Nitajiandika mwenyewe kila jioni.

Hajui kama kuna demo. Anafikiri ninangoja karatasi ya diploma tu. Usiniulize kwa nini sisemi. Alishona sare za watoto wa mutaa muzima ili mimi nisome. Akijiona anatembea mu televisheni, na kofia yake, na mufuko wake, si ataamini kwamba miaka mitatu nilikuwa ninajifunza kumucheka?

Sasa niambie. Unasema miguu si yake. Yake iko namna gani? Nimefunga macho nikamutafuta anatembea, na nimeona kofia tu. Miaka ishirini na mitatu mu nyumba moja.

Binti yako (na mama yako, ukifanya ujinga),
Adija


Kasumbalesa, tarehe 13 Septemba 2025

Mama,

Namba sita mupya amefika. Ni kijana, ana nywele nyingi, anajiona.

Miguu ya kaka sitakuandikia. Nikikuandikia, utachora barua yangu, na Lucien wako atakuuliza tena ulimuona wapi huyu, na utajibu: mu bahasha.

Mimi hakuna mutu aliyenifundisha herufi. Nilisimama mbele ya duka moja la Wagiriki, pale mujini, nikatazama herufi R ya jina lao wiki nzima. Muguu wake wa mbele ulikuwa unanishinda. Siku ya sita mwenye duka aliamini mimi ni mwizi, akanipa kazi ndani ili anichunge vizuri. Ndiyo masomo yangu yote, na diploma ni kwamba sikuiba kitu.

Fanya hivyo. Kaa karibu na cherehani ya baba yako na utazame. Usitazame uso: uso unajua unatazamwa, unajitengeneza. Muguu haujui.

Ninakupa kitu kimoja tu. Tulipokuwa vijana, Kamalondo, tulikuwa tunalala watoto watano mu chumba kimoja. Mutu akija mu kijia, hatukuhitaji kutazama. Wengine wote walikuwa ta, ta, ta. Kaka alipokwisha anza kushona alikuwa ta-ta, ta. Ta-ta, ta. Tulikuwa tunaficha kitu chochote tulichokuwa tunakula. Tafuta kwa nini.

Hapa mambo si mazuri. Chomba alifika hadi Kolwezi akarudi, na neno lake la kwanza halikuwa jambo. Lilikuwa: "Muzee alifika?" Benita anasema muzee anaenda kwa mwanamuke wa zamani kurudisha kitambaa. Chomba anasema wapi, anaenda hospitali, ila anawaficha batoto. Wamenuniana. Benita anamupa nyama ndogo. Ni wewe umefanya hayo.

Nasoro


Lubumbashi, tarehe 20 Septemba 2025

Baba mudogo,

Nimeuona!

Ni cherehani. Anaikanyaga kwa muguu wa kuume: kisigino, vidole, kisigino, vidole, miaka arubaini sasa. Akisimama, ule muguu haujaambiwa kama kazi imekwisha. Anaweka kisigino chini, sawa mutu yeyote, halafu vidole vinakanyaga tena, kama chini bado kuna chuma. Muguu wa kushoto unangoja. Ukishaona mara moja huwezi tena kuacha kuona. Alivuka barabara mbele ya malori juzi, ta-ta, ta, na nikasimama kando ya barabara nikalia sawa mujinga, muuza mandazi akaniuliza kama nimepoteza simu.

Kitabu cha shule kinasema kila hatua ni michoro kumi na mbili. Nimehesabu. Muguu wa kuume wa Baba unakula kumi na saba. Wa kushoto unabakiliwa na saba. Si sahihi hata kidogo. Ninaanza upya yote.

Kuna jambo moja silielewi. Baba hajaniuliza ninatafuta nini pale kwake. Siku ya kwanza alinitazama juu ya miwani. Siku ya pili alinisogezea kiti. Siku ya tatu alianza kuimba, Baba, ambaye haimbi hata ku ndoa. Na jana alinivalisha kastabani yake, ile kofia ya chuma ya kidole, akasema: "Inakuenea." Nilisema aksanti, nikarudi kuhesabu.

Nilifanya nini?

Adija


Lubumbashi, tarehe 22 Septemba 2025

Kwa mudogo wangu Nasoro,

Salamu. Afya iko, isipokuwa magoti.

Ninakuandikia jambo moja. Mutoto anataka kushona.

Wiki nzima amekaa karibu na cherehani. Hachezi na simu. Mara moja moja anailekeza ku muguu wangu, nafikiri ni kwa kukumbuka. Ananiambia: "Baba, rudia pole pole." Anahesabu kwa midomo. Unakumbuka baba yetu alivyotufundisha: muguu kwanza, mukono nyuma. Wewe ulikimbia siku ya pili. Watoto wa siku hizi wote wanatazama mukono. Yeye, mutu hakumuambia, alianzia ku muguu.

Sikuwahi kumuomba. Nilifikiri na diploma yake atasikia haya. Kumbe alikuwa anangoja.

Nimemuambia yule mutu wa Kinsevere atafute mwingine. Hakufurahi. Nilimuambia kazi ya nyumba imepata mwenyewe.

Nimeagiza cherehani ya pili kwa mutu wa Ndola. Itapita kwako, ndani ya lori la mumoja anayeitwa Chomba. Uipitishe vizuri, isikwaruzwe. Usimuambie mutoto. Ni ya kumushangaza.

Kaka yako,
Moussa


Kasumbalesa, tarehe 24 Septemba 2025

Kaka,

Nimepokea. Cherehani nitaipitisha.

Juu ya mengine, nimepatwa na mafua.

Nasoro


Kasumbalesa, tarehe 24 Septemba 2025

Mama,

Kaa chini. Si ku kile kiti.

Baba yako anaamini unajifunza kushona. Muguu, kuhesabu, "rudia pole pole": kwake vyote hivyo ni cherehani. Kastabani ilikuwa urizi, na wewe ulisema aksanti. Amekwisha mufukuza mutu wa Kinsevere. Na ameagiza cherehani ya pili, yako, ya kukushangaza. Aliniambia nisikuambie, na nimemuheshimu siku nzima hii tangu asubuhi.

Kwa hiyo hesabu yako ni rahisi sasa. Mulango wa mugodi umefungwa. Kiti cha Lucien hakijafunguka. Na kwa upande wa furaha ya kaka, iko ndani ya lori la Chomba kati ya mifuko ya chokaa, lori la tisini na mbili mu musitari wa mupaka, inakuja.

Umuambie mbele haijafika.

Nasoro


Lubumbashi, tarehe 28 Septemba 2025

Baba mudogo,

Nimejaribu. Jana kisha sala ya azuhuri nilimukuta peke yake, nikasema: "Baba, kuhusu cherehani..."

"Cherehani gani?" alisema haraka sana. "Hakuna cherehani." Na uso wake, uso wa mutu anayeficha kuku hai ndani ya koti.

Nilisema: "Hii yako. Inaomba mafuta."

Tukaipaka mafuta. Alinionyesha matundu yote. Yapo kumi na moja.

Siwezi, Baba mudogo. Ukiniambia nichore mutu anayefurahi namna ile nitakuchorea, lakini kumukatiza siwezi. Umuambie wewe. Wewe ni mudogo wake, hawezi tena kukupiga.

Mu bahasha kuna clé yenye demo mupya. Muguu ni wake sasa, ninaapa. Na umuambie Chomba kwamba nilimusikia. Nimeongeza sekunde kumi na mbili: muzee hapotei tena kando ya televisheni. Anafika. Utaona wapi.

Zimebakia siku nane.

Adija


Kasumbalesa, tarehe 30 Septemba 2025
(ndani ya droo ya cherehani)

Kaka,

Kama unasoma hii, umekwisha fungua droo, na cherehani ilifika salama. Haina mukwaruzo. Nilisafiri nayo mu kichwa siku nzima.

Chini ya bobini za uzi kuna clé. Tafuta televisheni. Ni kazi ya mutoto, ile aliyosomea. Lazima aipeleke mahali fulani tarehe 6 ili apate kazi ya kuchora, kazi anayotaka tangu zamani. Hakuwa anatazama cherehani. Alikuwa anakutazama wewe.

Nilijua. Sikukuambia kwa sababu mimi ni Nasoro, unanijua, na mafua yalikuwa ya uongo.

Tuliitazama hapa kwa Benita, na mulango wazi safari hii. Hakuna aliyeuliza filimu inaanza saa ngapi. Ulipoonekana unafika, unaweka mufuko chini, unakaa, na ule muguu unaanza kazi ambayo ulikuwa tayari unaifanya njia nzima, Chomba alisema polepole: "Kumbe alikuwa anaenda kazi." Kisha akatoka kutazama matairi yake. Matairi hayakuwa na kitu.

Ukitaka kunipiga, basi la Katongo linaondoka kila siku saa moja ya asubuhi.

Nasoro


Lubumbashi, tarehe 3 Oktoba 2025

Nasoro,

Cherehani imefika. Mafua yako nimeyaelewa.

Nilienda kwa jirani Rachida, ana televisheni. Nilimuomba atoke. Alitoka.

Nimetazama mara sita. Mara ya kwanza na ya pili nilikasirika. Nilisema, ndiyo maana alikuwa anahesabu. Nilitaka kuichomoa niitupe. Mara ya tatu niliona muguu. Ni wangu. Sikujua kama unafanya vile. Miaka arubaini watu wanatembea nyuma yangu, hakuna mumoja aliyeniambia. Nyinyi mulikuwa munaficha mandazi tu.

Mara ya ine niliona koti.

Nasoro, nani alikata mukono ule? Muzee anainua mukono kubeba mufuko, na koti lote linapanda hadi masikio, sawa gunia. Mukono umetiwa mbele sana. Koti nililoshona mimi halipandi. Nikiinua mukono linakunjika hapa chini ya kwapa tu, mara mbili, na bega linabakia mahali pake. Mutoto wa fundi, anasahau bega!

Kutembea mbele ya watu na muguu wangu, sawa. Ni wangu. Kutembea mbele ya watu na koti lile, hapana. Wateja wananijua.

Nilirudi nyumbani, nikavaa koti la sikukuu, nikasimama katikati ya chumba na mukono juu. Nikamuambia: "Chora." Akaona clé mu mukono wangu mwingine. Alianza kulia. Nilingoja. Halafu nikamuambia: "Chora, mukono unachoka." Tangu jana tuko ndani ya hilo. Nimemufungulia bitana yote aone mushono unapita wapi. Anachora vizuri, isipokuwa anaharakisha ku kola.

Juu ya kushona hakusema kitu, na sikumuuliza kitu. Alitaka kunirudishia kastabani. Nimekataa.

Yule wa Kinsevere amekwisha pata mwingine. Nilienda kuuliza. Kwa hiyo tunangoja Jumatatu, sisi wote.

Moussa


Lubumbashi, tarehe 8 Oktoba 2025

Baba mudogo,

Nimekalishwa!

Jumatatu Baba alinisindikiza hadi chini ya duka la dawa. Alikataa kupanda. Alisema atanunua dawa ya magoti, na nilipotoka, kisha saa nzima, alikuwa bado anasoma karatasi ya dawa ile ile.

Juu, Monsieur Lucien aliweka demo bila chai. Alifika ku muzee, na hakusimamisha. Alimuacha atembee hadi mwisho, afike, akae. Kisha akarudisha, na akasimamisha mahali ambapo sikufikiri.

"Muguu ni muzuri," alisema. "Muguu huu sijauona. Lakini koti hili... nani alikufundisha koti?"

"Fundi mumoja wa Kamalondo."

"Anapokea wanafunzi?"

"Anapokea. Lakini anakataa kurudishiwa kastabani."

Hakuelewa, na hakuuliza. Kiti ni kile kilicho mbali na feni. Nimeanza leo.

Sasa nikupe habari za nyumba. Mama Rachida hana tena televisheni, tunayo sisi. Kila mutu anayekuja kuchukua suruali yake lazima kwanza akae atazame. Baba anasimama kando na mita yake shingoni, anaonyesha kwa kidole: "Hapa, chini ya kwapa. Mara mbili. Bega halikutembea." Juu ya muguu hasemi kitu. Wateja ndio wanautazama, halafu wanamutazama yeye, halafu wanatazama chini kwa adabu.

Na tangu ajue, Baba mudogo, akinihisi nyuma yake anatembea vizuri! Ta, ta, ta. Michoro kumi na mbili, kumi na mbili. Kitabu kitupu. Nikitaka kumuona baba yangu sasa lazima nijifiche nyuma ya mulango.

Cherehani ya pili iko mu chumba changu. Tuliizungumza mara moja tu. Alisema: "Si lazima ushone. Ni meza nzuri." Ndiyo meza yangu ya kuchorea sasa. Jana nilikuwa ninasahihisha kola, nikasikia kitu kinalia chini, nikatazama: ni muguu wangu wa kuume, unakanyaga. Baba alikuwa mulangoni. Aliondoka ta-ta, ta, alikuwa amesahau kujitengeneza.

Umusalimie Chomba, na Benita amurudishie nyama yake. Na kama utakuja siku ya Jumapili, Baba anasema kipigo chako kiko, lakini atakupa chakula kwanza.

Binti yako, mama yako,
Adija

Nyongeza: nimesahau kukuambia kazi yangu ya kwanza. Nimepewa leo asubuhi, ni ya miezi miwili. Ni tangazo la sabuni. Inatoka dukani, inapita mutaani, inaingia mu nyumba za watu na kuwasalimia. Nilimuuliza Monsieur Lucien nifanye inatembea namna gani. Aliniambia inateleza. Sabuni haina miguu.